Kipimo cha Gwamaka

Alishuka garini kwa awamu:
kwanza mguu, kisha kimya kidogo,
kisha mguu wa pili na goti lake
kama mtu anayekunjua ngazi ya fundi umeme.
Kichwa kilitoka mwisho, kimelalia bega la kushoto,
na hata aliposimama wima hapo Mafiati
shingo ilichelewa kuamini.

"Ndaga, mama. Wewe ndiye Tusekile wa viti?"
Ndiye mimi. Nikamtazama juu, nikaongeza juu.
Nyuma yake Mersedesi nyeusi, ngozi ya ndani rangi ya chai ya maziwa:
parachichi za misimu saba zimegeuka gari,
na mwenyewe haenei.

"Kutoka Tukuyu hadi hapa," akasema,
"nimeendesha kama mtu anayenong'onezwa na mlango.
Kiwira wanasema tangu ninunue gari
nawatazama upande upande.
Nikitaka kukata kona
lazima kwanza niombe ruhusa kwa paja."

Sikucheka.
Nilicheka baadaye, mimi na cherehani.

Nikachukua futi ya kitambaa, ile ya magauni,
nikapima kiuno hadi goti, goti hadi kisigino,
nikamkalisha kwenye benchi, nikapima benchi hadi utosi.
Kuna warefu wa miguu, kuna warefu wa mgongo;
huyu alikatiwa kotekote, fundi wake hakubakiza kitambaa.
"Hili dirisha la paa," nikamwambia,
"limekula inchi mbili za kichwa chako.
Umeilipia mbingu
ukanyimwa nafasi ya kuitazama."

Nikang'oa kiti.
Chini ya ngozi ya kifahari: sponji, waya,
sarafu ya nchi nisiyoijua.
Nikachonga sponji kwa kisu cha mkate, jani baada ya jani,
nikashusha makalio, nikainua mbele,
maana mrefu huchoka mapaja kabla ya mgongo
na hakuna anayemuuliza.
Ambilikile wa kuchomelea akarudisha reli nyuma
inchi mbili na nusu, cheche zikiruka hadi kwa muuza viazi.
"Na abiria wa nyuma atakaa wapi?"
"Wa nyuma ni mama yangu," akajibu Gwamaka,
"ananifika kiunoni."

Baba yangu naye alikuwa hivi.
Koti la kiwanda cha chai lilimwishia njiani.
Milango yote aliisalimia, hata ya watu aliogombana nao.
Wodini miguu ilipita kitanda,
nikaivisha soksi mbili mbili, ilikuwa Juni.
Halafu akaja seremala wa Igawilo na futi yake ya mbao,
akapima, akarudia,
na nikakumbuka kwamba sijawahi kuona
mtu akimpima baba kabla ya kumtengenezea kitu.

Sikumwambia Gwamaka.
Nilikuwa na pini mdomoni.

Siku ya nne akaingia. Akakaa.
Akashusha pumzi ambayo nadhani alitoka nayo dukani.
Kichwa kikapanda taratibu, kikinyooka,
kikasimama kidole kimoja chini ya paa.
Mikono ikaufikia usukani bila kunyang'anyana na magoti.
Akatazama mbele muda mrefu, injini imezimwa.
"Kumbe kioo hiki kina mlima," akasema.
Loleza ilikuwa pale pale ilipo siku zote,
ukungu umeifunga kitambaa kichwani.

Alibishana bei kidogo, kwa heshima ya biashara,
akaniachia na gunia la parachichi.
Akapanda kuelekea Uyole, ametazama mbele.

Vile vipande vya sponji sikuvitupa.
Nimevishona pamoja, nimevivika kitenge,
navikalia.
Meza ya cherehani yangu, iliyochongwa
kwa kipimo cha mtu nisiyemjua,
miaka kumi na tisa ilinifika kifuani.
Sasa inanifika tumboni.
Naona sindano inakoingia.